Mchezo wa Kukata Kiuno: Matembezi ya Kasi ni Nini Hasa?

Kila Olimpiki ikifika, kuna kipande cha video ambacho hakikosi kunifikia kwenye simu. Watu wamevaa kaptura na fulana zenye namba, mikono imekunjwa, viuno vinazunguka, visigino vinagonga lami, na mjanja mmoja ameweka muziki wa kuchekesha juu yake. Maoni huwa yaleyale: hawa nao ni wanariadha? Si wakimbie tu? Nami niliwahi kucheka na kuwasambazia wengine. Kisha siku moja nikajaribu mwenyewe, nusu kilomita tu, nikifuata sheria kama nilivyozisoma. Kesho yake nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Tangu hapo nimekuwa shabiki wa mchezo huu, na shabiki wa mchezo usio na mashabiki hugeuka mwalimu bila kupenda. Maswali ninayoulizwa ni machache na yanarudi kila mara, kwa hiyo nimeona niyajibu mahali pamoja.

Tuanze na jina. Matembezi ya kasi ni shindano la riadha ambalo anayefika kwanza ndiye mshindi, lakini ni lazima awe amefika kwa kutembea. Neno "kutembea" hapa limewekewa masharti mawili. Sharti la kwanza: mguu mmoja uwe unagusa ardhi wakati wote, kwa kadiri jicho la binadamu linavyoweza kuona. Mguu wa nyuma usiondoke kabla wa mbele haujatua. Sharti la pili: mguu wa mbele unapogusa chini, goti liwe limenyooka, na libaki hivyo mpaka mguu huo usimame wima chini ya mwili. Ukivunja la kwanza, umepaa. Ukivunja la pili, umekunja goti. Sheria nyingine ni za kawaida za mashindano ya barabarani.

Masharti mawili tu, na yanasikika mepesi. Ugumu wote umejificha ndani ya lile la pili.

Tuta lililo ndani ya kila hatua

Fikiria gari linalopita juu ya tuta. Likipita polepole, unapanda na kushuka, basi. Likipita kwa kasi, unanyanyuka kitini na kichwa kinatafuta paa. Kadiri mwendo unavyozidi na tuta linavyokuwa kali, ndivyo uzito wako unavyochelewa kukurudisha kitini.

Mtu anayetembea ana tuta lake katika kila hatua. Mguu ulionyooka ni kama fimbo iliyosimikwa chini, na mwili unapita juu yake: unapanda mpaka fimbo isimame wima, halafu unashuka upande wa pili. Ukienda taratibu huoni shida. Ukiongeza mwendo, mwili unafika kilele cha tuta na kutaka kuendelea juu badala ya kushuka, kama yule abiria. Wachunguzi wa mwendo wa viumbe walishaipigia hesabu hali hii: kwa mguu wenye urefu wa kama sentimita 90, mwili unaanza kuachana na ardhi ukikaribia kilomita 11 kwa saa. Wengi wetu hata hatufiki huko. Tukiharakisha, kwenye kama kilomita 7 kwa saa miguu inaanza kukimbia yenyewe bila kushauriwa, kwa sababu kutoka hapo kukimbia kunakuwa nafuu kuliko kutembea. Kila aliyewahi kuharakisha mvua ikimfuata nyuma anaijua hatua ile ambapo kutembea kunakataa.

Mkimbiaji hana habari na tuta. Goti lake linakunjika likipokea uzito, kisha linamrusha mbele, kama mpira unaodunda. Mtembeaji amenyimwa kudunda. Yeye anatakiwa abiringike kama gurudumu, na miguu ya binadamu haikuumbwa duara.

Sasa tazama namba. Februari 2025, katika mji wa Kobe, Mjapani Toshikazu Yamanishi alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 10, akaweka rekodi ya dunia. Huo ni mwendo wa karibu kilomita 15.8 kwa saa, kila kilomita chini ya dakika 3 na sekunde 50. Mtu wa kawaida anayekwenda kilomita 5 kwa saa angetumia saa 4 kwa umbali huo. Na kama hesabu ya tuta inasema ukikaribia kilomita 11 mwili unaruka, huyu alipitaje?

Kwa kiuno. Kile kiuno tunachokicheka.

Mguu unapofika wima, yaani pale kwenye kilele cha tuta, mtembeaji anaiachia nyonga ya upande wa pili ishuke. Kiwiliwili hakipandi kama ambavyo kingepanda, tuta limesawazishwa. Wakati huohuo anaizungusha nyonga mbele ili hatua irefuke bila kukunja goti, na kwa sababu hiyo nyayo zake zinatua karibu kwenye mstari mmoja, kama za mtu anayepita juu ya kamba. Mikono iliyokunjwa inavutwa kwa nguvu kwenda na kurudi ili kuupinga mzunguko wa nyonga, la sivyo mwili mzima ungesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ukitaka kujua kama mtu ni bingwa, usitazame kiuno. Tazama kichwa. Kichwa cha mtembeaji mzuri kinasafiri sawasawa kana kwamba kimebebwa kwenye trei, huku chini yake hatua zaidi ya 200 zinapigwa kila dakika.

Maumivu nayo yana mahali pake, na si pale pa mkimbiaji. Yanaanzia kwenye muundi, mbele ya mguu, kwenye ule msuli unaonyanyua vidole ili kisigino kitue kwanza. Nusu kilomita yangu ilinitambulisha kwa msuli huo. Sikuwa najua ninao.

"Lakini nimeona video, wote wako hewani!"

Hili ndilo pingamizi la wajuaji, na ni kweli. Ukisimamisha video ya watembeaji wakubwa katikati ya hatua, mara nyingi utaona miguu yote miwili imeachana na ardhi, kwa nafasi ndogo sana. Watu wanahitimisha hapo kwamba mchezo mzima ni udanganyifu.

Rudi kwenye sharti la kwanza ulisome tena: kwa kadiri jicho la binadamu linavyoweza kuona. Maneno hayo yamewekwa kwa makusudi. Video ya kawaida ya televisheni ina picha kama 25 kwa sekunde, kila picha ikikaa sekunde 0.04, na jicho lako halizioni picha moja moja, linaona mwendo. Kupaa kwa muda wa kiasi hicho au chini yake ni vigumu mno kuonekana na mtu aliyesimama kando ya barabara. Kwa hiyo mtembeaji anayepaa kidogo kiasi hicho hajaiba chochote, maana mpaka uliwekwa palepale jicho linapoishia. Unaweza kusema mpaka huo ni wa ajabu, na mimi sitabisha sana. Lakini si siri, na ni uleule kwa wote.

Waamuzi ndio wenye jicho hilo. Katika mashindano makubwa ya barabarani wanakuwa kati ya 6 na 9, pamoja na mwamuzi mkuu, na hawaruhusiwi kutumia chombo chochote cha kusaidia macho. Njia yenyewe ni mzunguko mfupi, wa kilomita 1 hadi 2, kwa hiyo kila mshindani anapita mbele yao tena na tena. Mwamuzi akiona dalili ya kosa, anakuonyesha kibao cha njano: chenye alama ya wimbi kama unakaribia kupaa, chenye alama ya pembe kama goti linaelekea kukunjika. Hilo ni onyo tu. Akiona kosa lenyewe, anaandika kadi nyekundu, na namba yako inapandishwa kwenye ubao ulio kando ya njia ili wewe na wapinzani wako muione.

Kadi 3 kutoka kwa waamuzi 3 tofauti zinatosha kukuumiza. Zamani zilimaanisha kuondoka moja kwa moja. Siku hizi, katika mashindano mengi makubwa, zinakupeleka kwenye eneo la adhabu, ambako katika kilomita 20 unakaa dakika 2 ukiwatazama wenzako wakipita. Ukipata ya nne, umemaliza kazi. Na kwenye mita 100 za mwisho mwamuzi mkuu ana uwezo wa kukuondoa peke yake, bila kusubiri kadi za wenzake, kama umeanza kukimbia waziwazi.

Mshambuliaji wa soka akiotea, bao linakataliwa na mechi inaendelea. Baada ya dakika 5 anaweza kufunga jingine. Mtembeaji anaweza kuwa sahihi kwa kilomita 19 na kukosa kila kitu kwenye ya 20. Isitoshe, hatari hiyo inakuja wakati mwili umechoka na unamsihi akunje goti kidogo tu. Mapambano yake makubwa ni dhidi ya miguu yake mwenyewe, inayotaka kukimbia. Nikiulizwa ninachopenda katika mchezo huu, najibu hicho. Michezo mingine inakuomba uachie kila ulichonacho. Huu unakuomba uachie kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho mwili unachokitaka.

Sydney, mwaka 2000, ilionyesha hilo kwa ukatili. Katika kilomita 20 za wanaume, Bernardo Segura wa Mexico alikuwa wa kwanza kuvuka mstari. Alikuwa kwenye simu akipongezwa na rais wa nchi yake pale mwamuzi alipomfikia kumweleza kwamba kadi ya tatu ilikuwa imeingia. Dhahabu ikaenda kwa Robert Korzeniowski wa Poland. Siku chache baadaye, katika kilomita 20 za wanawake, viongozi waliondolewa mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki Jane Saville mbele, Mwaustralia, mbele ya watu wake. Alikuwa akikaribia kuingia uwanjani, watu wakimsubiri, alipoonyeshwa kibao chekundu. Ushindi ukawa wa Wang Liping wa China.

Huyo Korzeniowski usimwonee wivu haraka. Barcelona, mwaka 1992, alikuwa wa pili katika kilomita 50 na uwanja uko mbele yake alipoondolewa. Alirudi akashinda kilomita 50 mwaka 1996, akashinda umbali wote wawili Sydney, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu kabla yake, kisha akashinda kilomita 50 tena Athens mwaka 2004. Dhahabu 4 za Olimpiki. Mtaje kwenye kijiwe cha wapenda michezo uone ni wangapi watainua kichwa.

Je, ni mchezo wa walioshindwa kukimbia?

Dhana hii ina mizizi mirefu, na nadhani inatokana na kuona matokeo tu: anayetembea kilomita 20 anatumia muda mwingi kuliko anayezikimbia, basi yule ni dhaifu. Kwa hesabu hiyo waogeleaji wa mtindo wa chura nao ni walioshindwa mtindo huru. Hakuna anayesema hivyo, kwa sababu tumekubali kwamba mtindo ni sehemu ya mchezo. Samuel Gathimba anatoka Kenya, ambako kukimbia ndiko kunakoleta jina, naye akachagua kutembea. Mwaka 2018 alipata shaba ya kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast. Miaka minne baadaye, Birmingham, Mkenya mwenzake Emily Wamusyi Ngii akapata shaba ya mita 10,000 kwa wanawake. Nafasi ya tatu katika michezo inayowakutanisha Waaustralia, Waingereza na Wahindi waliokulia kwenye mchezo huu haipatikani kwa kushindwa kitu kingine.

Dhana nyingine ni kwamba mchezo huu haukuwahi kupendwa na kwa asili yake hauwezi kupendwa. Hapa historia inacheka. Katika karne ya 19 kutembea kulikuwa burudani inayojaza kumbi. Mwaka 1861 Mmarekani Edward Payson Weston, baada ya kushindwa dau la uchaguzi, alitembea kutoka Boston hadi Washington kwa siku 10 ili ashuhudie Abraham Lincoln akiapishwa, akachelewa kwa saa chache. Haikumdhuru, alikuwa amekuwa maarufu. Yakaja mashindano ya siku 6 mfululizo ndani ya kumbi, watu wakilipa kiingilio, wakiweka dau na kulala palepale. Sheria zililegea baadaye, hata kukimbia kukaruhusiwa. Mwaka 1880, Madison Square Garden huko New York, kijana mweusi mzaliwa wa Haiti aitwaye Frank Hart alizunguka zaidi ya kilomita 900 katika siku hizo 6, akashinda mbele ya umati. Halafu baiskeli zikaja na kuwachukua watazamaji wote. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini aliyesema kutembea hakuwezi kutazamwa hakuwapo wakati huo.

Kwa nini hakutazamwi sasa? Sababu nyingine ni za wazi: ni mchezo mrefu, na mshindi anaweza kuondolewa baada ya kuvuka mstari, kitu ambacho televisheni haikipendi. Ila kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba ugumu wake hauonekani. Mruko wa juu unajieleza wenyewe. Upau uko pale, mtu ameupita. Ugumu wa kutembea ni wa kujizuia, na kujizuia hakuna picha nzuri. Kinachobaki kuonekana ni kiuno.

Na kiuno kinaumiza zaidi ya misuli. Caio Bonfim wa Brazil, ambaye mama yake Gianetti alikuwa bingwa wa matembezi na ndiye aliyemfundisha, amesimulia mara nyingi jinsi alivyotukanwa barabarani tangu siku ya kwanza alipotoka kufanya mazoezi. Kilichomsumbua kijana huyo si mwendo wala umbali. Ni kukubali kutukanwa kila siku. Mwaka 2024 jijini Paris alipata fedha ya kilomita 20, nyuma ya Brian Pintado wa Ecuador, ikiwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Brazil katika mchezo huu. Septemba 2025, Tokyo, akawa bingwa wa dunia. Katika mashindano hayo alipoteza pete yake ya ndoa njiani, akaendelea kutembea.

Siku hizohizo za Tokyo, kilomita 35 zilichukuliwa na Evan Dunfee wa Canada, na huyu ndiye ninayemtaja kila nikipewa nafasi. Rio, mwaka 2016, katika kilomita 50, aligongana na Mjapani Hirooki Arai karibu na mwisho, akayumba, akamaliza wa nne. Canada ikalalamika, Arai akaondolewa, na kwa saa chache Dunfee akawa na shaba. Japani ikakata rufaa, Arai akarudishiwa nafasi yake. Bado kulikuwa na mlango wa mahakama ya michezo. Dunfee alikataa kuugonga. Aliona mgongano ule ni sehemu ya mbio za watu waliochoka. Akarudi nyumbani bila medali, na miaka 5 baadaye akapata shaba yake huko Sapporo, katika kilomita 50 za mwisho kuwahi kufanyika kwenye Olimpiki. Umbali huo umefutwa.

Mabadiliko hayajaisha. Kuanzia mwaka 2026 shirikisho la riadha la dunia limeziacha kilomita 20 na 35 kwenye mashindano makubwa na kuweka nusu marathoni na marathoni, umbali ambao kila mpenda mbio anaujua. Wapo wazee wa mchezo walionuna. Mimi nimefurahi kwa sababu moja: sasa kuna kipimo ambacho hata yule wa muziki wa kuchekesha anakielewa. Mwendo wa Yamanishi wa Kobe, ukiuendeleza hadi kilomita 21.1, unatoa kama saa 1 na dakika 20. Muulize rafiki yako anayekimbia nusu marathoni za wikendi amewahi kufika kwa muda gani, halafu mwambie huyu alikuwa anatembea.